Gemu ya Chura na Shukrani ya Jumamosi

Kericho Mjini,
Jumanne.

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa binti yako. Natumaini wewe na Mama mko salama hapo Merigi, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu mvua ianze. Mimi ni mzima, ila mafua kidogo ya baridi ya huku. Najua utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu wewe hukata nikifika katikati, na barua haina mahali pa kukata.

Kaka Weldon ameniambia umeshaalika mchungaji na majirani wote Jumamosi, kwa maombi ya shukrani, kwa sababu nimepata kazi ya karani wa rekodi hospitalini. Hata tenti imeagizwa. Baba, kaa chini kwanza, halafu usome mpaka mwisho.

Unamkumbuka Omollo, yule fundi wa redio aliyetoka upande wa ziwa akafungua chumba cha gemu pale sokoni. Unakumbuka pia siku uliyonitoa humo umenishika sikio, kikapu cha chai kiko mlangoni, majani yameshapata joto mpaka karani wa kituo cha kununulia chai akayakataa. Siku hiyo ulikuwa na haki. Kazi ya Mama ya asubuhi nzima niliiharibu mimi, na niliomba msamaha. Lakini yale uliyosema baadaye, kwamba gemu ni kazi ya watu waliopotea, sikuyakubali siku hiyo na siyakubali leo.

Gemu tuliyoipenda ilikuwa ya chura mwenye kofia. Anaruka kutoka ubao mmoja hadi mwingine, na akikosa anaanguka shimoni. Sasa televisheni ya Omollo ilikuwa ile ya zamani yenye mgongo, na ilikata sehemu ya chini ya picha. Kwenye hatua ya tatu hatukuona kitu cha kukanyaga, tukaamini waliotengeneza gemu wameuficha ubao makusudi. Basi tukajifunza kuhesabu. Chura akianza kukimbia, tunahesabu kwa Kipsigis mpaka nne, tunaruka, na anatua vizuri. Watoto wote wa Merigi walicheza hivyo. Hakuna aliyejua kwamba shida ni televisheni.

Mwaka huu kampuni moja ya ng'ambo inairudisha gemu hiyo, pamoja na zingine za enzi zile, ili zichezwe kwenye mashine za kisasa. Walitafuta watu wa kuzijaribu, kila mtu akiwa nyumbani kwake, nikaomba, wakanichukua kwa muda. Nilipofungua hatua ya tatu nikaona ubao uko pale pale, mwekundu, mchana kweupe. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Kisha nikafumba macho, nikahesabu mpaka nne, nikaruka. Chura akaanguka. Nilirudia mara thelathini, naye akaanguka mara thelathini.

Nikawaandikia kwamba chura wao anachelewa kuruka. Mkubwa wao akajibu kwamba wajaribu wengine kumi na mmoja hawajaona kasoro, na huenda mimi nimesahau mambo ya utotoni. Ati nimesahau. Nilimwambia hao wengine wanauona ubao, kwa hivyo wanajirekebisha bila kujua, lakini mimi nilifundishwa na televisheni mbovu. Nikasema sitatia sahihi kwamba hatua hiyo iko sawa, na wakitaka wanifute kazi. Walipopima walikuta ni kweli, gemu nzima ilikuwa inachelewa kidogo tu baada ya kubonyeza. Wakairekebisha. Wiki iliyofuata wakanipa mkataba wa miaka miwili, niwasimamie wale wale kumi na mmoja.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Ile kazi ya hospitali niliikataa. Barua ya kuikataa niliipeleka kwa mkono wangu wiki tatu zilizopita, na nafasi imeshapewa mtu mwingine, kwa hivyo usihangaike kutafuta wa kuzungumza naye. Niliwaficha kwa sababu niliogopa uso wako, na kwa kuficha naomba msamaha. Kwa kukataa siombi.

Maombi ya Jumamosi usiyaahirishe. Mungu ashukuriwe kwa kazi niliyo nayo, si kwa ile uliyonitakia. Mwambie mchungaji asitaje habari ya hospitali, maana nitasimama nimsahihishe mbele ya watu, na unajua vizuri kichwa hiki kigumu nimekirithi kwa nani. Ukiona aibu ukafunga lango, nitasimama nje ya lango na kuwapokea wageni hapo, na kila atakayeuliza nafanya kazi gani nitamwambia.

Nisalimie Mama, umwombe aniwekee kibuyu cha maziwa ya mursik. Weldon naye msimlaumu, hakujua lolote. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi binti yako,
Chepchirchir,
Msimamizi wa Wajaribu Gemu.