Chakula cha Baba Kinachopita Puani

Mama,

Baba yuko nyumbani. Alitoka wodini baada ya sisi kukuzika, na mpaka leo hajui kwamba umekufa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloninyima raha, hata nikiwa dukani napimia watu mchele.

Kiharusi kilimwachia mkono wa kushoto na macho. Sauti hana, na kumeza hawezi. Hata maji kidogo yanaingia mapafuni. Kwa hivyo analishwa kwa mpira uliopitishwa puani hadi tumboni. Wewe uliyekuwa ukinuna mtu akibakiza ugali, sijui ungesema nini ukiona mlo mzima wa mumeo umo ndani ya sirinji.

Mtaalamu wa lishe alinifundisha mpaka nikashika. Namkalisha Baba nusu wima kwa mito. Naangalia kama alama ya mpira pale puani imesogea; ikisogea, simpi chochote, napiga simu hospitalini. Navuta maji kidogo ya tumbo kuhakikisha mpira uko mahali pake. Halafu maji safi, halafu maziwa yashuke yenyewe polepole bila kuyasukuma, halafu maji tena ili mpira usizibe. Akimaliza simlazi. Anakaa hivyo hivyo mpaka chakula kitulie.

Maziwa yenyewe ni ya mkebe. Mimi nilidhani maziwa ya unga ni maziwa tu. Kumbe mwenye kisukari kama Baba ana yake, na mwenye figo mbovu ana yake. Uji wako wa wimbi umekatazwa, unaziba mpira. Mama Halima, jirani yetu, alileta maziwa ya ngamia kutoka kwao Kulamawe, akanishika bega: "Hiyo ya mkebe haina nguvu. Mpee hii, atasimama." Nilimshukuru sana, halafu nikayanywa mimi.

Lakini Baba alianza kunishika mkono. Kila nikiinua sirinji, ananikamata kwa nguvu na kuangalia mlango. Mwenda alikuja kutoka Meru, akaona, akasema, "Mzee amechoka. Tumwachilie tu." Kaka yangu si mtu mbaya, Mama. Nilienda stoo nikalia, kwa sababu nilikuwa karibu kukubali.

Juzi nilichoka kushindana naye. Nikaleta githeri yangu ya mahindi na maharagwe, nikakaa kando ya kitanda, nikaiombea kwa sauti vile ulivyokuwa ukifanya. Baba akafumba macho. Mkono wake ukalegea. Niliposema amina nikachukua sirinji, na hakunizuia.

Nilijihisi mjinga. Nyumba hii ni lini mtu aliwahi kugusa chakula kabla hujaomba? Hata yeye akirudi na njaa kali alikuwa anakaa na kungoja. Na sisi tumekuwa tukimlisha kimyakimya, tukihesabu kukataa kwake ni ugonjwa, tukihesabu ni kukata tamaa.

Ila maziwa yalipoisha, aliangalia mlango tena. Anakungoja, Mama. Pengine anafikiri ulimwacha kwa sababu ya ugonjwa wake, na hilo siwezi kulivumilia.

Mwenda anasema habari hii itammaliza. Huenda. Naogopa. Lakini kesho asubuhi nitamwambia. Nitamwambia kabla ya maziwa, tumbo likiwa tupu, maana mtu akilia akiwa ameshiba anaweza kutapika na kupaliwa. Nitamkalisha wima, nimshike ule mkono mzima, nimwambie ulikufa yeye akiwa wodini, na kwamba hadi siku ile ulikuwa ukiuliza kama amekula.

Alie hadi atosheke. Halafu nitaomba, nijaze sirinji. Akinishika mkono baada ya hapo, nitajua ni yeye mwenyewe anayekataa, tena akijua yote. Nakuahidi sitambishia, na sitakubali mtu mwingine ambishie.

Pumzika, Mama.

Kagendo wako