Asante kwa Wil Kesho

Jumapili, 9 Juni

Miguu yangu! Malengelenge mawili kisigino cha kushoto, moja cha kulia. Lakini ziwa lote tumelizunguka jana. Watu mia na ushee, mbwa kumi na mmoja, na mwanakondoo wa Babu aliyeifuata chupa yake ya maziwa mpaka mwisho. Hata mvua ilitusubiri – ilianza tukiwa tayari ukumbini kanisani, kila mtu na chai yake.

Kwenye tangazo tuliandika ni matembezi ya kuwachangia wauguzi wanaozunguka majumbani. Watu wanayaita Matembezi ya Bibi, basi. Wauguzi wenyewe ndio wale waliokuja kwa Bibi kila siku, mpaka ile ya mwisho, Februari.

Babu alisimama kushukuru. Akasema, "Jamani –" kisha akakaa. Mimi nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Ningeweza kusema neno moja. Nilijificha nyuma ya birika kubwa la chai. Miaka kumi na tano, nyuma ya birika!

Jumatatu, 10 Juni

Mama amenipa adhabu bila kuiita adhabu. "Kusema hukuweza, basi utaandika." Shukrani za gazeti la bonde! Na hapa kwetu shukrani si mchezo: kila mtu kwa jina lake na alichofanya. Mwaka juzi familia moja ilimsahau mama aliyeleta sukari. Siku hizi anasali kanisa la kijiji cha pili.

Nimekaa mezani na Babu, yeye anataja, mimi naandika. Shida ni kwamba kwa jina la ukoo bonde zima ni Jones, na asiye Jones ni Williams. Kwa hiyo watu tunawajua kwa kazi au kwa shamba. Megan Posta – kuandikisha watembeaji. Ifan wa Shamba la Juu – maegesho. Eirlys Mikate – keki zote zile, Mungu ambariki.

"Na vile vibao vya mishale?" niliuliza. Vibao arobaini vya mbao, njia nzima, rangi ya njano aliyoipenda Bibi.

"Wil Kesho," akasema Babu. "Na alivileta siku mbili kabla! Wil huyo huyo! Geti letu la bustani anaahidi huu mwaka wa nne."

Akacheka. Babu! Sijamsikia akicheka tangu Februari. Nikaandika "Wil Kesho", nikaendelea.

Jumanne, 11 Juni

Nimempelekea Bi Tegwen, mhariri. Alinifundisha shule ya msingi na bado ananiangalia kucha. Ameniwekea wino mwekundu mara sita – Kiwelisi chetu hubadilisha herufi za mwanzo wa maneno, na akiliona kosa la hivyo Bi Tegwen hasamehe. Kisha akavua miwani. "Umewataja wote, Lleucu. Hujamsahau hata mmoja."

Nimerudi nyumbani nikiruka madimbwi. Nimesema kitu mbele ya bonde zima, na mdomo sikufungua!

Alhamisi, 13 Juni

Ardhi ipasuke initie ndani.

Leo jioni ilikuwa ya kukunja gazeti. Kurasa hutoka kwa mchapaji zikiwa bapa, nasi hukaa kwenye meza ndefu ukumbini kuzikunja kwa mikono. Kunja, bonyeza, sukuma. Mimi katikati ya Babu na Mama. Mbele yangu Wil mwenyewe, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi.

"Wil, hizo zako zitatoka mwezi huu au Krismasi?" – Eirlys Mikate huyo.

"Wewe kunja, mama, mdomo utaukunja baadaye."

Kicheko meza nzima. Kisha Wil akafika ukurasa wa nne. Akausoma, midomo ikitembea. Akainua kichwa.

"Huyu Wil Kesho ni nani?"

Mikono yote ikasimama. Mama akaangalia dari. Bi Tegwen akaanza kufuta miwani iliyokuwa safi. Ndipo nikaelewa: bonde zima linamwita hivyo kila mahali, isipokuwa mbele yake! Na hilo hakuna aliyewahi kuniambia. Nimelisikia tangu utotoni. Nilidhani ni jina tu, kama Posta, kama Mikate.

"Kula mkate wa zabibu, Wil," akasema Babu. Huo ndio msaada wake!

Wil aliukunja ukurasa ule polepole, akautia mfukoni badala ya kwenye rundo. Akavaa kofia. Akaaga vizuri tu, kila mtu kwa jina.

Nakala mia sita. Nimemshukuru kila mtu bondeni, na mtu aliyetuwahishia kazi kwa ajili ya Bibi nimemtukana.

Ijumaa, 14 Juni

Baada ya shule nilikwenda karakanani kwa Wil. Maneno nilikuwa nayo tayari kwa Kiwelisi, na ya Kiingereza ya akiba kama ya kwanza yangekwama. Msumeno ulikuwa unalia ndani. Nilisimama dakika kumi. Sikubisha hodi. Birika tena!

Nyumbani nikamwambia Babu yote. Akaniambia kwamba mwezi ule wa mwisho wa Bibi, Wil alikuja kila Jumatano, mimi nikiwa shuleni, kumsomea Bibi matokeo ya mashindano ya mbwa wachungaji. Sikujua!

"Na jina hilo nani alimpa?"

Babu akakuna kidevu. "Bibi yako. Kwa sababu ya kabati moja. Kabla hujazaliwa."

"Naye Wil anajua?"

"Hilo, mwanangu, hatujawahi kumuuliza."

Jumamosi, 15 Juni

Saa moja na nusu asubuhi. Nyundo! Nilidhani naota.

Wil yuko bustanini. Geti letu la zamani limelala kwenye nyasi, limeng'olewa. Jipya limeegemea ukuta. La njano! Njano ile ile ya vibao.

Mama alifungua dirisha. "Wil! Leo?"

"Leo," akajibu, bila kugeuka.

Babu amesimama mlangoni na nguo za kulalia, anafuta macho, anasingizia vumbi. Na ukurasa wa nne unachungulia kwenye mfuko wa nyuma wa suruali ya Wil. Amekasirika? Anacheka moyoni? Kwa mgongo sijui kuusoma uso wa mtu.

Mama amemimina chai ya Wil, sukari vijiko vitatu. Babu akanyoosha mkono akipokee kikombe, Mama akamnyima, akaninyooshea mimi. "Huyu ndiye atakayepeleka."

Naandika nimesimama, kikombe kiko dirishani. Maneno ya jana yamenipotea, lugha zote mbili. Nyundo imenyamaza. Ameinua geti peke yake, zito, anatafuta bawaba kwa upande mmoja, na upande wa pili hauna mtu wa kuushika –

Chai baadaye. Natoka.