Chupa ya Ndege

Arnstadt, Novemba 1764

Kaka yangu Kilian,

Chupa ulizotuchorea zimefika salama ndani ya nyasi kavu, hakuna hata moja iliyopata ufa. Mume wangu Leberecht amezipanga katika duka letu la dawa, na watu wanaingia kuziangalia tu. Mke wa mwokaji kasema, "Kwa chupa nzuri hivi, hata kuugua raha!" Nilimjibu aende akaugue kwake.

Umeuliza ile yenye ndege, uliyoiacha bila jina, tutairudisha lini ili uichomee jina la dawa tanuruni.

Kaka, Ottilie wetu koo linaziba. Baba yake amemnywesha dawa ya chupa ya simba, kisha ya waridi, kisha zote zilizobaki. Mtu aliyezoea kupima kila punje, sasa anamimina tu. Jana mtoto akamwambia kwa sauti ya kukwaruza:

"Baba, nipe ya ndege."

"Ya ndege haina kitu, mwanangu."

"Basi nipe hiyo hiyo. Zenye kitu zinaniumiza."

Leberecht akaijaza maji ya kisima, akamnywesha kijiko kimoja kwa heshima zote, kama anayemhudumia malkia. Mtoto akatabasamu. Baba mtu akatoka nje, hakurudi mpaka uso ulipokauka.

Tangu hapo Ottilie ameikumbatia, hata usingizini haiachi. Kwa hiyo chupa usiisubiri. Wewe njoo, na uje na nguo zako nyeusi. Ya ndege itakwenda naye.

Dada yako,
Walburga