Mtamba Aliyebaki Borabu

S.L.P. 40,
Kehancha.
18 Agosti 1996

Mpendwa kaka Monari,

Nakusalimu kwa moyo mzito. Hujambo wewe na wifi Nyanchama? Mgongo wake umepata nafuu? Sisi huku tunapumua tu, na hilo nalo nashukuru.

Kaka, boma letu ni tupu. Wezi wa mifugo walikuja Jumanne alfajiri wakawaswaga ng'ombe wote kuelekea mpakani. Hakuna mtu aliyeumia. Nimelia mpaka macho yamekauka.

Unajua watu wa huku huwekesha ng'ombe kwa marafiki, wachache hapa, wengine kule, ili janga likija lisiwamalize wote. Ndiyo benki yao. Lakini wazazi wa mchumba wa mwanangu Byron walipokuwa waje kuchagua ng'ombe wa mahari, shemeji yako Werema aliwarudisha ng'ombe wetu wa huku wote nyumbani ili wageni waone boma limejaa. Nilimsihi, akaniambia nisimwaibishe. Wageni waliona, wakasifu sana. Kumbe hawakuwa wao tu waliokuwa wakitazama.

Majuto ni mjukuu. Na wewe usinicheke, maana nakujua: ukilipwa pesa ya maziwa unaongeza ng'ombe mwingine. Peleka kidogo Posta kila mwezi, hata ikiwa ni ile ya sukari. Mahindi ya kula yatenge kabla hujauza gunia hata moja. Tena ulicho nacho usikianike kwa ajili ya sifa.

Sasa hili ndilo lililonifanya niandike. Amebaki yule mtamba tuliyemwekesha kwako, kwa sababu Borabu ilikuwa mbali mno kumswaga afike kabla ya wageni. Werema atakuja kumchukua mwisho wa mwezi, awape wakwe angalau mmoja, asionekane maskini. Monari, nakuomba kwa jina la marehemu mama, usimpe! Akizaa, maziwa yake ndiyo chakula chetu, na ndama ndiyo karo ya Terry wangu. Hatuna kingine duniani. Byron mwenyewe amekubali kungoja kuoa, ila baba yake hasikii.

Najua humwezi shemeji yako kwa maneno. Basi mwambie mtamba amekufa. Mwonyeshe ngozi yoyote.

Nisalimie Nyanchama, mtoto Onsongo na mama mkubwa Phelesia. Mungu awalinde, msiyaone haya yaliyotupata.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Pauline

Ukimaliza kusoma, ichome barua hii. Werema akirudi mikono mitupu, nitamlilia mtamba pamoja naye.