Alichokificha Atija

Kaka Nuro,

Salamu kutoka Kionga. Sote tu wazima, na minazi imezaa vizuri mwaka huu.

Usishtuke nikikwambia mwanao Atija alikaa miezi miwili bila kusema neno, tangu askari wa Wareno walipomchukua baba yetu. Hata baba aliporudi, mtoto alibaki vilevile. Tulidhani ni shetani, tukamnywesha kombe la aya za Kurani. Juzi tulipokuwa tunakuna nazi, nikamuuliza taratibu, "Mwanangu, unaogopa nini?"

Akanong'ona, "Shangazi, askari waliniuliza kisimani. Nikawaambia baba yangu amevuka mto Rovuma. Ndiyo maana babu akapigwa."

Mtoto wa miaka saba, kaka, na hayo yote kifuani peke yake!

Nikamwita baba. Akampakata, akamwambia, "Mjukuu wangu, hukukosa kitu. Mimi niliwaambia kabla yako. Walinipiga kwa ajili ya kodi tu."

Atija akalia sana, kisha akaomba uji. Sasa anaongea mpaka tunachoka.

Lakini mimi nilikuwepo walipomhoji baba juu yako, kabla hawajamchukua. Walimvunja mkono, naye hakutamka hata neno moja. Sijapata kumsikia akisema uongo ila huo, na tangu juzi namtazama kwa kicho.

Ni mimi dada yako,
Ancha