Yakobo Havuki Songwe

Matema,
11 Juni 1911

Mpendwa kaka Lutengano,

Ugonile? Sisi huku tumeamka salama. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini shambani anakwenda, na ukimwambia apumzike anakununia. Wewe je, kifua kimepona? Joto la Tanga umelizoea?

Barua yako ilifika Jumapili iliyopita. Ndaga fijo, asante sana. Nimeisoma mara mbili, na pale unapomshauri mume wangu avuke Songwe kimya kimya aende upande wa Waingereza, nilikasirika. Yakobo havuki.

Unajua alikuja huku mgongoni mwa mama yake, wakikimbia watekaji wa watumwa. Wakati ule Songwe ulikuwa mto tu, haujawa mpaka wa mtu. Leo amri ya bomani inasema ni mgeni asiye na cheti, arudi kwao. Kwao wapi?

Amri ilitoa siku kumi na nne za kuipinga. Lakini mto Lufilyo ulikuwa umefurika, na tarishi akakwama nayo Ipinda. Ilipotufikia, siku kumi na tisa zilikuwa zimepita. Tukapanda milimani mpaka bomani. Karani akatazama tarehe, akasema muda umekwisha, tukafunge mizigo.

Sikuondoka. Nilikaa barazani mpaka Bwana Shauri mwenyewe, mwamuzi wa boma, alipotoka. Nikamwambia kwamba siku hiyo sikuja kuomba Yakobo aachwe. Nilichoomba kwanza ni tukubaliwe kusikilizwa ingawa tulichelewa, kwa kuwa mto ulifurika. Akauliza nani atathibitisha habari ya mto.

Shahidi tulikuwa naye mmoja tu, yule tarishi, Anyitike, naye alikuwa amesimama pale pale na sare yake. Akisema kweli, kazi inaweza kumponyoka. Hata hivyo akasema, "Hawa hawakuchelewa, bwana. Aliyechelewa ni mimi."

Bwana Shauri akaandika. Tumepewa ruhusa! Kesi itasikilizwa tarehe nne Septemba, na mpaka siku hiyo hakuna wa kumgusa Yakobo. Anyitike walimvua sare jioni ile ile, eti hakutoa taarifa ya kukwama kwake. Sasa anakaa kwetu, Yakobo anamfundisha kushona nyavu. Naona aibu kila nikimpakulia chakula, lakini yeye anasema hajutii.

Hatujashinda, najua. Wanaweza kutusikiliza na bado wakakataa. Basi ukitaka kutusaidia, usitutafutie njia ya kuvuka. Andika kwa mkono wako kwamba mlichunga ndama pamoja hapa Matema mkiwa wadogo, mchungaji wa kanisa la huko naye atie sahihi. Itume upesi.

Jana Yakobo alisimamisha nguzo za chumba cha pili. Ukija, utalala humo.

Msalimie wifi Angetile na rafiki yako Eliya. Mama na binti yetu Veronika wanakusalimu sana. Mungu akulinde huko ugenini, na akupe ujasiri unapoandika.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Asegelile