Saa Tatu Kamili

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za Mama. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba baridi hii haimsumbui Shemeji mkono wake ulioungua. Mama anaendelea, ila magoti yamegoma, siku hizi anashuka ngazi kwa kukaa, kidato kwa kidato. Mimi nipo, nasukuma siku.

Ulipokosa kuja kumzika Baba, wajomba walisema mengi. Mmoja alisema mtoto asiyemzika mzazi wake amejizika mwenyewe. Mama akamjibu kwamba wewe una sababu, na kwamba asiyelala na kidonda hajui maumivu yake. Mimi niliinamisha kichwa nikaendelea kupanga viti. Nilipaswa kusema neno, sikusema. Ndilo linalonifanya niandike.

Unakumbuka jinsi Baba alivyozungumza. Pale kiwandani walimwita Mzee Kama. Kila kitu kwake kilikuwa kama, hivi, takriban. Siku moja karani wa mishahara alimuuliza ana watoto wangapi, akajibu, “Kama wawili hivi,” na wewe ukamnunia siku nzima. Lakini hakuwa mzembe. Aliwahi kunieleza kwamba ukikaa miaka ishirini mbele ya mtambo wa mvuke ukiutazama mshale wa kipimo, unaona kwamba hautulii mahali pamoja hata dakika moja. Anayekutajia namba moja tu, alisema, hajautazama vya kutosha.

Sasa nikurudishe kwenye asubuhi ile. Zamu ya Baba iliisha saa tatu. Mpokeaji wake alichelewa, na kitabu cha langoni kinaonyesha aliingia saa tatu na dakika kumi. Saa tatu na dakika ishirini bomba likapasuka, na Shemeji, aliyekuwa ameinama chini yake anakaza kiungo, akaunguzwa na mvuke. Baba aliiambia kamati ya uchunguzi ya kiwanda kwamba alimsubiri mwenzake, akamkabidhi mtambo mkono kwa mkono, ndipo akaondoka. Mpokeaji akakana, akasema alikuta kiti kitupu na mvuke umeshapanda kupita kiasi. Neno la mtu mmoja dhidi ya mwingine.

Halafu ikasomwa kumbukumbu ya maelezo ya Baba. Iliandikwa kwamba alitoka saa tatu kamili. Mwenyekiti akasema mtu aliyetoka saa tatu kamili hawezi kuwa amemkabidhi mtu aliyeingia dakika kumi baadaye. Kesi ikaisha hapo. Baba akafukuzwa kazi kwa kuacha mtambo bila mtu na kwa kusema uongo. Wewe ulikuja nyumbani ukamwambia kwamba amemla mumeo mkono, ukafunga mlango, na kwa miaka minne hukuufungua tena.

Dada, Baba hakusema saa tatu kamili. Alisema, “Nilitoka kama saa tatu hivi, baada ya kumkabidhi mwenzangu.” Mimi najua kwa sababu aliyeandika ni mimi.

Nilikuwa na miezi miwili tu pale ofisi ya kiwanda, sijathibitishwa kazini. Meneja alikuwa ameshanirudishia karatasi mara mbili, akisema kumbukumbu za kikao hazitaki porojo za kama na hivi, zinataka saa. Na Baba alipotoa maelezo yake, wajumbe wawili walitazamana wakacheka. Nilimwonea aibu. Nilipokaa kupiga chapa nikamsafishia maneno yake, ili asikike kama mtu wa maana. Naapa sikujua kwamba saa ile ndiyo ingemhukumu.

Lakini kilipofika kikao cha pili nilijua. Mwenyekiti alisoma kwa sauti, kisha akamuuliza Baba kama ndivyo alivyosema. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, kalamu mkononi. Ningesimama tu. Baba alinitazama muda mrefu, akangoja. Nilipotazama chini, akasema ndivyo, akatia sahihi.

Alipoanza kuugua kifua, nilikiri kwake kando ya kitanda, Mama akiwa ameenda dukani. Hakushangaa. Aliniambia aliligundua neno langu palepale liliposomwa, na kama angelikataa ningefukuzwa mimi badala yake. Nikamwambia nitakuandikia wewe. Akanishika mkono akakataa. Alisema, “Mimi naondoka. Bora amchukie anayeondoka, nyinyi wawili mbaki ndugu.” Akaniapisha. Niliapa, na leo nimekivunja kiapo hicho, maana sioni udugu gani unaojengwa juu ya jina lake lililochafuliwa.

Daftari nililoandikia kwa mkono siku ile nililihifadhi. Jumatatu iliyopita nilimpelekea meneja. Alilisoma, akanirudishia, akasema jalada lile lilishafungwa na aliyehusika ameshafariki, nirudi mezani kwangu. Nikaweka funguo za ofisi mbele yake nikatoka. Ukurasa wenyewe nimeuambatanisha hapa. Tafadhali umsomee Shemeji kwanza, yeye ndiye mwenye haki ya kuusikia kabla ya mtu yeyote.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba uje umwone Mama. Analala upande wake wa kitanda tu, ule mwingine hataki uguswe, na jioni hutazama njia. Kama hutaki kunikuta, nitajie siku, nami nitaondoka asubuhi na mapema, ufunguo nitauacha kwa jirani fundi viatu.

Msalimie sana Shemeji, na watoto ambao sijawaona wanavyokua. Mama anasema mvae nguo nzito.

Ni mimi, mdogo wako wa pekee.